Mkwe Wangu na Mtoto wa Gunzi

Shule mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo anayesoma hapa asitafute mpangilio. Naandika kama ninavyokumbuka, na kumbukumbu yangu ina tabia ya kusimama njiani kusalimia watu.

Miaka hiyo ya tisini tulikuwa bado mkoa wa Rukwa. Ukisema Katavi, mtu alijua unasema mbuga ya wanyama. Mimi nilikuwa mlezi wa chekechea pale Shanwe, Mpanda mjini, ndani ya kibanda cha bati kilichowahi kuwa stoo ya tumbaku. Siku za joto kuta zilikuwa zinatoa ile harufu mpaka watoto wanapiga chafya. Kazi niliipata hivi: mlezi wa kwanza aliolewa Karema, akaenda zake ziwani, na mimi nilikuwa nauza maandazi mlangoni pale, watoto wamenizoea. Hakuna aliyeniuliza cheti. Niliwaimbisha a, e, i, o, u, nikawanywesha uji, nikawafuta makamasi, nikangoja wazazi. Wakianza kucheza, niliwaambia waache. Nilikuwa na fimbo, sitaficha. Sikuwapiga sana, lakini niliishika.

Sasa kukaja semina. Mradi fulani ulitaka walezi wa watoto wadogo wa wilaya nzima wafundishwe namna ya kumsaidia mtoto kucheza mchezo wa kuigiza. Yaani kijiti kiwe ng'ombe, kifuniko cha chupa kiwe sahani, mtoto mwenyewe awe dereva wa treni. Walisema mtoto asiyejua kuigiza anachelewa kusema na anachelewa kuelewa watu, na kwamba sisi walezi ndio tunaowakataza. Hilo la kuwakataza lilinigusa. Jirani yangu aliposikia nakwenda wiki mbili kufundishwa kucheza, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Meno yenyewe yanakuishia," akasema, "ndiyo kwanza unakwenda kujifunza kupika ugali wa udongo?"

"Nitakuletea kidogo," nikamwambia.

Lakini nilikuwa nimechoka. Magoti yalikuwa yameanza kuniuma mwaka ule, na kuchota maji, kukoroga uji, kutembea mpaka kwenye semina, kukaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili tangu asubuhi mpaka saa tisa, ni kazi kuliko kulima.

Kabla ya semina nimseme binti yangu, maana bila yeye hamtaelewa. Nilizaa watano, amebaki huyo mmoja. Aliolewa na Msukuma, kijana wa familia iliyoshuka na ng'ombe kutoka kaskazini ikaweka maboma yake mbele ya Magamba. Kijana mzuri, sina neno baya juu yake. Walikuwa na mtoto wa kike, wa miaka minne. Kila Jumapili ya pili binti yangu alikuja na huyo mtoto mgongoni na kibuyu cha maziwa kichwani, na mimi siku zangu nilizihesabu kwa hizo Jumapili.

Halafu nikasikia sokoni kwamba wale ndugu wanahamisha ng'ombe, wanakwenda bondeni, Usevya, kwa Wapimbwe huko, kwenye majani. Nikamwuliza binti yangu.

"Hayo muulize mwenyewe, mama," akasema, akijua kabisa siwezi kumwuliza.

Kwetu na kwa Wasukuma jambo hili ni moja. Mama mkwe na mkwe hawatazamani. Hawali pamoja, hawatajani majina, wakikutana njiani mwanamume anaingia porini mpaka mama apite. Neno likiwepo, linapita kwa mtu wa katikati. Kwetu mtu wa katikati alikuwa shemeji yangu, na shemeji alishafariki. Kama mtu hakuna kabisa, unamwambia mtoto, au mbwa, au nguzo ya nyumba: "Wewe nguzo, mwambie fulani jembe langu limevunjika." Fulani yupo nje anasikia, kesho unaletewa jembe. Na neno likishaombwa kwa njia hiyo, mkwe hana namna ya kulikataa. Kulikataa ni kumvua mama wa watu nguo. Ndiyo maana mama mkwe mwenye akili haombi ovyo. Anaomba jembe, anaomba kuni, basi.

Siku ya kwanza ya semina nikafika darasani, nikasimama mlangoni natafuta pa kukaa. Mkwe wangu huyo hapo, dawati la mbele. Sikujua kama amechaguliwa. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na kule kwao watoto wanajua Kisukuma tu, kwa hiyo walitaka mlezi wa hukohuko. Akaniona. Mlango nimeuziba mimi. Akainuka, akapita juu ya madawati mawili, akatoka dirishani.

Kulikuwa na mama mmoja Mfipa, mtani wa Wasukuma, mdomo wake haukujua likizo. "Wasukuma nyie," akasema, "simba mnampiga rungu, mama mkwe mnamkimbia dirishani."

Mkufunzi alikuwa dada wa Dar es Salaam, alikuja kwa treni kupitia Tabora na Kaliua, sauti imekauka kwa vumbi. Alitazama lile dirisha, akatazama daftari lake, akaendelea kuita majina. Mkwe wangu alirudi baadaye akakaa nyuma kabisa. Mimi nikakaa mbele, na wiki mbili zote sikugeuza shingo. Jioni ilikuwa inauma kama nimebeba mtungi.

Alitufundisha vizuri yule dada. Alisema huwezi kumsaidia mtoto kuigiza kama wewe mwenyewe umesahau. Kwanza mtazame, usimseme. Halafu ingia mchezoni, lakini umwulize yeye wewe ni nani. Usimwongoze, mfuate. Uliza swali ambalo halijibiwi ndiyo wala hapana. Na ujue wakati wa kutoka. Nilikuwa nayarudia njiani nikienda nyumbani, kwa sababu kuandika kwangu ni pole pole.

Kujifunza kwenyewe kulikuwa kichekesho. Mzee mmoja, mlezi wa kituo cha wakimbizi, alipewa kikombe kitupu anywe chai ya kuigiza. Akakichungulia, akamrudishia.

"Mwalimu, hamna kitu."

"Igiza, baba. Kama imo."

"Kama ingekuwemo ningekunywa."

Tulitengeneza vitu vya kuchezea. Magari ya mabua, masufuria ya vifuniko, watoto wa gunzi la mahindi waliovishwa vitambaa. Watu wazima tumeinama tunawavisha magunzi nguo, na nje jua la Mpanda linawaka, na kila mtu ana karanga zake zinamngoja shambani.

Siku ya mtihani mkufunzi alitupanga wawili wawili kwa kufuata orodha yake. Akanisoma mimi, akamsoma mkwe wangu.

"Wewe ni mama," akaniambia, "na yeye ni mtoto wako anayekataa kula. Mlishe."

Nyuma nikasikia dawati linasogea, na sauti yake ikasema, "Mwalimu, mimi naomba nirudi nyumbani."

"Kwa nini?"

Mama wa Kifipa ndiye aliyejibu. "Huyo ni mama mkwe wake, mwalimu. Hata kivuli chake hajawahi kukikanyaga, unataka leo afungue mdomo atiwe tonge?"

"Lakini ni mchezo," akasema mkufunzi. "Hapa yeye siye mkwe. Ni mtoto."

"Wewe ndiye unayemwona mtoto," akasema yule mzee wa kikombe. "Sisi tunamwona mkwe."

Dada wa watu naye alikuwa amechoka. Alisema orodha ameshaitengeneza mara tatu, na asiyefanya zoezi hatapata cheti, na asiyepata cheti kituo chake atapewa mwingine.

Tangu siku ile ya dirisha nilikuwa na tumaini moja. Nilisema, akipata cheti akawa mlezi huko Magamba, ndugu zake wataondoka na ng'ombe, yeye atabaki na kazi, na binti yangu atabaki, na Jumapili zangu zitabaki. Asipopata, anakwenda. Kwa hiyo nikainuka. Nikachukua mtoto mmoja wa gunzi mezani, nikamkalisha juu ya kigoda katikati ya darasa. Nikakaa upande, mgongo wangu kwa mkwe wangu, nikasema na lile gunzi. Sikubuni kitu. Nilifanya kama tunavyofanya nyumbani siku zote, ila badala ya nguzo kulikuwa na gunzi.

"Wewe mtoto," nikasema, "hujala tangu jana. Una nini?"

Nikafikiri amekwishatoka tena dirishani. Halafu nikasikia hatua zake, zikaja zikasimama upande wa pili wa kigoda, na najua naye alinipa mgongo kwa sababu watu walianza kucheka. Akaanza kwa sauti ndogo.

"Wewe mtoto, mwambie bibi yako huna njaa. Una safari."

"Safari ya wapi, mtoto wewe?"

"Mwambie, ya Usevya. Majani ya huku yamekwisha."

"Nani kasema yamekwisha? Baba yako, au baba zako wakubwa?"

"Mwambie, wakubwa. Baba yako ni mdogo kwao, hana kauli."

"Na hiki cheti anachokitafuta hapa?"

"Mwambie, atakwenda nacho. Hata huko watoto wapo."

"Lini?"

"Mwambie, tukishavuna."

Basi tumaini langu likaisha palepale, na watu wanacheka, na mkufunzi anaandika haraka haraka. Nilitakiwa kunyamaza. Zoezi lilishatosha, cheti alishakipata. Nimejiambia mara nyingi kwamba neno lilinitoka, kwamba ni uchovu. Siyo. Nilijua ninachofanya.

"Basi mtoto wewe," nikasema, "mwambie baba yako bibi anaomba. Ubaki wewe. Ubaki Shanwe kwa bibi, usome."

Mama wa Kifipa aliacha kucheka. Yule ni wa huku, alielewa kwamba hapo gunzi ni mjukuu wangu. Wengine nao wakaelewa mmoja mmoja, mpaka darasa likatulia, nikasikia mbuzi wa nje wanatafuna karatasi.

"Mwambie bibi," akasema mkwe wangu, "baba amesikia. Utabaki."

Mkufunzi akapiga makofi. Alisema wiki mbili zote hajaona watu walioingia mchezoni namna ile. "Naomba mrudie," akasema, "wa nyuma hawakuona vizuri." Nikamwambia magoti yananiuma. Tulipata alama za juu kuliko wote, mimi na yeye, na sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyesifiwa kwa kitendo kama kile.

Mahindi yakavunwa. Binti yangu akaja siku ya katikati ya wiki, siyo Jumapili, mtoto mkononi, na kifurushi cha nguo zake. Kwenye kifurushi kulikuwa na ng'ombe wa udongo ambao baba yake alimfinyangia, wakubwa kwa wadogo, wamefungwa katika kitambaa. Hakukaa. Nilimletea kigoda akakitazama tu.

"Ulimwomba mbele ya watu," akasema.

"Ndivyo tulivyopangwa."

"Ungeniomba mimi, mama."

"Ningekuomba wewe, ungekubali?"

"Ningekataa," akasema. "Lakini ningekuwa nimeombwa."

Akamwambia mtoto akae kwa bibi awe na adabu. Mtoto hakulia. Alisimama kwenye mlango ameshika kitasa mpaka mama yake alipokata kona, halafu akaendelea kukishika. Chai niliyomwandalia binti yangu niliinywa mimi, imepoa.

Nikawa namchukua mjukuu kwenda naye chekechea. Sasa mimi nilikuwa mlezi mwenye cheti, fimbo nilishaitia jikoni, na watoto walikuwa wanacheza kweli. Walifanya treni kwa mikeka, walifanya soko, walifanya zahanati wakachomana sindano za miba mpaka nikawanyang'anya. Wazazi walinung'unika. Baba mmoja alikuja akanikuta nauziwa nyanya za mawe, akasema, "Sisi tunawaleta wasome, nyie mnawafundisha umachinga." Nikamwuliza naye anahitaji nyanya ngapi. Hakucheka.

Mjukuu wangu hakucheza. Aliketi kwenye kona na uji wake. Nilifanya kama nilivyofundishwa, nikamtazama bila kumsema. Zikapita wiki kama tatu. Siku moja akafungua kitambaa, akawapanga wale ng'ombe wa udongo mstari mmoja, akaanza kuwasukuma. Kutoka mkekani, kupita katikati ya sakafu, mpaka kwenye benchi la ukutani. Pale anasimama. Anawageuza, anawarudisha mkekani, anaanza tena. Kila siku hivyo, mpaka kengele ya uji. Wenzake wakimwita kwenye treni hasikii.

Nikaingia mchezoni. Kuketi sakafuni kwangu ni safari, lakini niliketi. "Na mimi ni nani hapa?" nikauliza.

Alifikiri. "Wewe ni mti," akasema. "Usiongee."

Nikawa mti. Siku nne nimekuwa mti, ng'ombe wanapita mbele ya miguu yangu kwenda na kurudi, na watoto wengine wananizunguka wakidhani bibi anaumwa. Siku ya tano nikasema, "Mti unauliza, hawa ng'ombe wanakwenda wapi?"

"Usevya."

"Mbona hawafiki?"

"Hawajui njia."

"Anayeijua ni nani?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu mzito wa kuelewa. "Mti hauongei," akasema, akawageuza ng'ombe wake.

Nikanyamaza mpaka uji. Kile ndicho nilichokuwa nimefundishwa wiki mbili, kumfuata mtoto mpaka mahali anapokwenda, na mahali penyewe nikawa nimepaona. Sitasema kwamba kesho yake nilifunga safari. Nilikaa karibu mwezi mzima zaidi. Nilikuwa nimezoea kuwa na mtu nyumbani wa kumwita jina, wa kumwambia nisogezee kile. Kila asubuhi nilisema, leo atacheza kitu kingine. Akawapanga ng'ombe. Mpaka ng'ombe mmoja akavunjika pembe, akaniletea niunge, nikaunga kwa mate na udongo, vibaya, na nikaona kwamba kuna vitu baba yake anavijua ambavyo mimi sivijui.

Tukapanda lori la mahindi. Tulipita mbugani, viboko wako kwenye tope kama mawe, mtoto akawatazama tu, kifurushi mapajani. Usevya tulifika mchana. Mahali penyewe tukaonyeshwa na watu, mwendo wa saa moja kwa miguu, na kwangu mimi ulikuwa wa saa mbili.

Mkwe wangu alituona kwa mbali. Akaacha njia kama desturi, akaingia kwenye miiba, akasimama ametupa mgongo. Mtoto akakimbia akamfuata hukohuko miibani. Binti yangu alikuwa anatwanga. Akaweka mchi chini, akanitazama mimi, akatazama kichaka, akaelewa kabla sijasema.

"Mwambie mwenzio," nikasema, "nimelirudisha neno langu. Iwe kama sikuliomba."

Hakwenda mbali. Alisema kwa Kisukuma kuelekea kwenye kile kichaka, na kichaka kikajibu, maneno mengi, marefu. Nikangoja.

"Anasema amesikia," akasema binti yangu.

"Maneno yote yale ni amesikia?"

"Ndiyo."

Sikumwuliza tena. Alinichemshia maji ya kuoga, akanitandikia ngozi kivulini, akaninyoosha miguu kwa mafuta ya ng'ombe bila kuambiwa, lakini hakunitania kama zamani, na maziwa alinipa kwenye kikombe cha mgeni. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutojali, na nilijali.

Jioni jua likiwa juu bado, alikaa karibu yangu anachambua maharage. Mtoto alikuwa zizini na baba yake, tunasikia sauti tu.

"Huko Shanwe alikuwa anacheza?" akauliza.

"Alikuwa anacheza."

"Anacheza nini?"

"Kama watoto wengine," nikasema. "Ng'ombe, miti."

Akaendelea kuchambua. Aliniambia nikae hata wiki. Nikasema watoto wa Shanwe hawana mtu, na ilikuwa kweli, lakini hata wangekuwa naye ningeondoka. Lori lilikuwa linarudi kesho yake. Nilitoka asubuhi na mapema ili nitembee pole pole, binti yangu akanisindikiza mpaka kwenye barabara kubwa amenibebea kifurushi, tukangoja wote wawili tumekaa chini, mpaka lori likaja.